Kabati la Bluu la Jabez Pengilly

Athol Pengilly alikuwa fundi wa kurekebisha fanicha za zamani, na katika nchi ile ya ngano kaskazini mwa Adelaide sijui kama ilikuwapo nyumba ambayo mikono yake haikufika. Wakati ule alipokuwa na miaka arobaini na kidogo, watu wote walishikwa na homa moja: kila ubao lazima uonekane uchi. Kabati alilolipaka rangi bibi, kitanda alichokipaka rangi babu, vyote vililetwa kwenye banda la Athol, vikatumbukizwa kwenye tangi la magadi makali, vikatoka vyeupe kama mifupa, kisha vikapigwa vanishi mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama humo. Kanisa lilileta mimbari. Mwenye baa alileta kaunta yake yote. Bibi mmoja alileta kiti cha choo cha marehemu mumewe. Athol aliikwangua wilaya nzima, na wilaya nzima ikamshukuru kwa maneno mawili ambayo huku kwetu ndiyo sifa ya juu kabisa: "Si mbaya." Mtu akikusifu zaidi ya hapo, ujue anataka kukuazima trekta.

Alipofika miaka sitini na saba, homa ikageuka. Sasa watu wa mjini walitaka rangi ileile ya bibi, na walitaka iwe imebabuka. Walitaka madoa, nyufa, alama za meno ya mbwa. Walikuja siku za Jumamosi na magari yasiyojua vumbi, wakaingia jikoni kwa watu, wakapapasa meza zinazong'aa, wakaguna kama waliofiwa.

Kati yao aliyejulikana zaidi alikuwa Crispin Oddie, mwenye duka la vitu vya kale huko Adelaide. Crispin alivaa skafu ya hariri shingoni hata mwezi wa pili, wakati mijusi yenyewe imejificha chini ya mawe kwa joto. Siku moja alisimama jikoni kwa Bi Dulcie Hentschke, mbele ya meza kubwa ya msonobari, akafumba macho.

"Nani huyu mshenzi aliyeikwangua meza hii?"

Athol alikuwa ameketi palepale, kikombe cha chai mkononi. Akakoroga sukari ambayo ilikwisha kuyeyuka.

"Huenda ni mtu wa kupita tu," alisema.

"Mtu wa kupita amepita kila nyumba, mzee wangu," alisema Crispin kwa huzuni.

Bi Dulcie alikohoa akageukia dirishani. Alikuwa na miaka sabini na tisa, mjane, mwembamba kama ufito, na kwa kawaida hakuachia utani upite bila kuudaka. Huo aliuacha upite kwa ajili ya ujirani.

Sasa nikueleze habari ya Athol na jikoni ile. Kila Alhamisi, kwa miaka thelathini, alikwenda kwa akina Hentschke na mfuko wake wa vifaa. Leo bawaba imelegea, wiki ijayo droo imekwama. Hakutaka malipo. Alipewa chai na keki ya Kijerumani yenye makombo ya siagi na sukari juu yake, akakaa saa nzima, akarudi kwake. Mume wa Dulcie alipokuwa hai, watu hawakusema kitu. Alipokufa, watu walihesabu Alhamisi na kutazamana. Gwenda, mke wa Athol, aliulizwa dukani kama haoni vibaya. Akajibu kwamba mwanamume anayekwenda kwa mwanamke na randa na kurudi na makombo ya keki kifuani ana hatari gani.

Kweli ni kwamba Athol alikuwa akienda kulitazama kabati.

Lilisimama kwenye kona, kando ya jiko la kuni, kimo chake kikifika kifuani mwa mtu. Lilitengenezwa kwa maboksi ya mbao yale yaliyokuwa yakibeba madebe ya mafuta ya taa, mawili mawili. Ubavuni maandishi ya kampuni yalikuwa bado yanasomeka, yamesimama kichwa chini miguu juu. Mlango ulikuwa wa bati la debe lililofunuliwa na kunyooshwa, na juu ya bati fundi alikuwa ametoboa kwa ncha ya msumari picha ya ndege. Alikusudia kunguru wetu yule mweusi kwa mweupe anayeimba asubuhi. Alipata kuku, na kuku mwenyewe mgonjwa. Kabati zima lilipakwa rangi ya bluu ile ya kufulia nguo, iliyokorogwa katika maziwa. Mguu mmoja ulikuwa mfupi. Mlango haukufunga bila kupigwa goti.

Fundi huyo alikuwa Jabez Pengilly, baba yake Athol.

Jabez hakuwa fundi wala mwana wa fundi. Alikuwa mchimba shaba, na machimbo yalipofungwa alitembea na mke na mtoto mmoja nchi nzima akitafuta kazi ambayo haikuwapo. Mwaka wa ukame ule mbaya, wazee wa Hentschke waliwapa kibanda nyuma ya ghala, na nyama ya kondoo majira yote ya baridi. Siku ya kuondoka, Jabez aliona aibu kuondoka mikono mitupu. Akatengeneza kabati, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa ameshika sururu tu. Misumari aliing'oa kwenye maboksi yaleyale, na Athol, akiwa na miaka sita, alipewa kazi ya kuinyoosha juu ya jiwe. Aligonga kidole gumba mara nyingi kuliko alivyogonga misumari. Baba alikufa mwaka uliofuata, kifua kikiwa kimejaa vumbi la machimbo. Hakuacha picha, hakuacha saa, hakuacha barua. Aliacha kabati, na aliliacha kwa watu wengine.

Dulcie aliolewa katika nyumba ile miaka minne baadaye, akalikuta kabati jikoni kama alivyolikuta jiko. Hakuuliza limetoka wapi. Na Athol hakumwambia.

Mgeni atashangaa: si angesema tu? Dulcie angempa siku hiyohiyo na keki juu yake. Lakini huku kwetu mtu haombi. Mtu anaweza kuomba msaada wa kuzima moto, na hata hapo ataanza kwa kusema hali ya hewa. Kuomba kitu kwa sababu unakipenda, hilo ni jambo la watu wa skafu. Pia palikuwa na aibu nyingine, ambayo Athol hakuikiri hata mbele ya kioo. Yeye alikuwa fundi bora wa wilaya, mtu ambaye droo zake ziliingia kwa pumzi tu. Atasemaje kwamba kabati baya kuliko yote katika wilaya limetengenezwa na baba yake?

Basi alingoja. Mwaka ule Dulcie aliamua kuuza shamba na kuhamia kijumba katika mji mdogo wa jirani, karibu na hospitali, na mnada wa kufunga shamba ukatangazwa. Mnada wa namna hiyo hutoa nje kila kitu: majembe, minyororo, vitanda, sufuria, vyote vinapangwa kwa mistari kwenye mabua ya ngano, na majirani wanatembea katikati ya maisha yako wakibonyeza godoro. Athol akafurahi kimoyomoyo. Kabati lile litauzwa kwa bei ya mkate na soseji. Atalinunua kama mtu anayehitaji mahali pa kuweka makopo ya rangi, na hakuna atakayejua.

Wiki tatu kabla ya mnada, Gwenda aliletewa na dada yake gazeti la Adelaide. Ukurasa wa katikati ulikuwa na picha ya meza ya maboksi ya mafuta ya taa ikiwa imesimama peke yake katika chumba cheupe. Chini yake Crispin Oddie alikuwa ameandika kwamba hizi ndizo kazi safi za mikono ya nchi hii, na kwamba kila inayopatikana inapiganiwa.

"Ehe," alisema Gwenda, "mama yangu alikuwa na sita kama hiyo. Tulizichoma moto mwaka aliotawazwa Malkia, tupate mwanga wa kuchezea."

Athol hakucheka. Alikunja gazeti mara nne, akaliweka mfukoni, akaenda bandani akasimama.

Alhamisi hiyo Dulcie mwenyewe akamwongezea mtihani.

"Athol, hebu lichukue hilo dude la bluu. Likwangue, ulipige vanishi yako. Nitaaibika mbele ya watu wa mjini, waseme akina Hentschke walikuwa wanakula kwenye taka."

Kabati likapakiwa kwenye pikapu, likakaa kwenye banda la Athol siku tatu. Ndipo akaona jinsi njia ilivyofunguka mbele yake. Akilikwangua, wenye skafu watalitazama mara moja na kuguna. Litakuwa lake kwa bei ya mkate na soseji, kama alivyopanga. Na atakuwa ametimiza tu alichoombwa na mwenye mali. Nani atamlaumu? Msasa aliushika. Aliuweka juu ya bluu ile mahali baba yake alipoacha alama ya dole gumba kwenye rangi mbichi.

Gwenda alikuja na chai akamkuta amesimama hivyohivyo.

"Mbona hulikwangui? Wewe ambaye hata mimbari hukuionea huruma?"

"Nafikiria."

"Ulianza lini?"

Siku ya tatu alilirudisha. Alikuwa amelipangusa kwa kitambaa kikavu, basi. Dulcie alilizunguka mara mbili.

"Siku tatu, Athol! Hujafanya kitu!"

"Liache hivyo, Dulcie. Watalipenda hivyo. Utaona."

"Unaumwa wewe," alisema Dulcie, akamkatia kipande kikubwa cha keki, kwa sababu hiyo ndiyo dawa aliyokuwa nayo.

Siku ya mnada upepo wa jangwani ulianza asubuhi na mapema, na nzi walifika kabla ya watu. Akina mama wa kijiji walitandaza meza ya chai: soseji na vitunguu, sandwichi za mayai, zile keki za chokoleti zilizoviringishwa kwenye nazi. Dalali alikuwa Murray Zwar, mtu mnene mwenye sauti ya kuita kondoo bonde la pili. Alisimama juu ya tela, na watu wakamfuata mstari baada ya mstari. Wakulima walipandisha bei kwa kuinua ukingo wa kofia kiasi cha unywele. Mmoja alijikuna pua akajikuta na mapipa kumi na mawili, akayachukua bila kusema neno, maana kueleza kungekuwa aibu zaidi.

Wenye skafu walikuwa saba. Walisimama kulizunguka kabati la bluu kama madaktari, na Crispin alikuwa amepiga magoti kwenye mabua.

"Tazameni uhuru wa mkono huu," alisema. "Mguu ameufupisha kwa makusudi, umbo lipate kuinama. Na ndege huyu! Si ndege wa duniani. Ni roho ya ukame."

"Ni kuku," alisema mkulima mmoja aliyekuwa akipita na soseji.

Athol alisimama nyuma, kofia usoni. Crispin alimwona, akainuka, akamvuta pembeni kwa kiwiko.

"Mzee wangu, wewe unajua mbao. Nikuulize kama rafiki. Siku hizi kuna watu wanatengeneza vitu hivi wiki iliyopita na kuvimwagia chai vionekane vya kale. Hili ni la kweli? Ukiniambia ni la uongo, narudi kwenye gari langu, na hawa wengine sita watanifuata. Wananifuata daima."

Nzi mmoja alitua kwenye mdomo wa Athol, hakumfukuza. Neno moja tu lilihitajika. Tena kumdanganya mtu wa mjini kuhusu umri wa kitu, huku kwetu ni mchezo wa kila siku kama karata. Akalitazama kabati. Akamtazama Dulcie kule kwenye meza ya chai, akimimina kutoka kwenye birika kubwa la bati kwa mikono miwili, shamba lake lote limelala chini kwa mistari. Kusema kwamba kabati ni la uongo ni kumnyang'anya Dulcie. Na ni kusema kwamba majira yale ya baridi hayakuwapo, wala jiwe, wala misumari, wala Jabez.

"La kweli," alisema. "Baba yangu ndiye aliyelitengeneza. Mwaka wa thelathini na mbili. Hapo, nyuma ya ghala lile. Mimi nilinyoosha misumari."

Crispin alishika skafu yake kwa mikono miwili.

"Mtengenezaji ana jina!" alipiga kelele. "Jamani! Fundi ana jina!"

Kumbe maskini Athol hakujua biashara ile. Kitu cha mtu asiyejulikana kina bei, lakini kitu cha mtu anayejulikana, tena aliyekufa, tena kwa dhiki, hicho bei yake haina dari. Murray Zwar alipofika kwenye kabati, mikono saba ilikwisha kuwa juu. Athol alinyanyua ukingo wa kofia mara moja. Akanyanyua mara ya pili. Mara ya tatu aliivua kabisa, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye mazishi, na Gwenda aliyekuwa kando yake alimtazama, akaanza kuelewa. Bei ikapita thamani ya pikapu yao. Ikaendelea. Athol akairudisha kofia kichwani taratibu.

"Kwa mara ya kwanza!" alinguruma Murray. "Kwa bwana mwenye skafu! Kwa mara ya pili!"

"Simamisha, Murray."

Dulcie alikuwa amekuja katikati ya watu na birika lake mkononi, likitoa mvuke. Kelele za Crispin zilikuwa zimefika hadi kwenye meza ya chai.

"Bi Dulcie, nyundo iko juu."

"Basi iache hukohuko juu. Bado ni langu mpaka ishuke, si ndivyo?"

"Ndivyo ilivyo sheria."

"Nimeliondoa. Haliuzwi."

Crispin alikuwa amegeuka rangi ya jibini. "Mama yangu, tafadhali. Bei hii ni nzuri mno. Fikiria utakachokosa."

"Nina miaka sabini na tisa na makoti mawili. Sina mwili wa koti la tatu." Kisha akamgeukia Athol, na birika likageuka naye, watu wakarudi nyuma hatua moja. "Na wewe! Ni la baba yako?"

"Ndiyo."

"Alhamisi zote hizo?"

"Ilikuwa... joto leo limezidi, Dulcie."

"Usiniletee habari za joto! Miaka thelathini unaketi kwangu, unakula keki yangu, unakodoa macho kwenye kona ile kama ng'ombe anayetazama lango, na mimi nilidhani unanitazama mimi!"

Uwanja mzima uligeuka kumtazama Athol. Hata mbwa waliacha kujikuna.

"Hata mimi nilidhani hivyo," alisema Gwenda.

Hapo Murray Zwar akaanza kucheka, na akicheka Murray tela hutikisika, na kicheko kikapita mstari kwa mstari mpaka kwenye soseji. Athol alikuwa mwekundu kama matofali. Lakini hakuondoka. Alikwenda mbele ya wote, akalipiga kabati goti mlangoni, likafunga.

"Nitakulipa," alisema.

"Utanilipa kwa kunichukua Alhamisi kutoka mjini na kunirudisha," alisema Dulcie. "Na keki sasa ataoka Gwenda. Mimi nimechoka."

Murray, ambaye hakupenda mnada ulale, akaruka haraka kwenye kitu kilichofuata: madebe manane yaliyokatwa ubavuni, yaliyopigiliwa ukutani mwa banda la kuku kwa ajili ya kutagia. Crispin alifuta macho. Akakaribia. Akainama, akanusa.

"Hayajaoshwa?"

"Hayajawahi kuoshwa," alisema Murray kwa heshima. "Unachokiona hapo ni uso wa asili."

Mikono saba ikapanda tena. Crispin aliyapata, kwa bei ambayo ilimfanya Dulcie akae juu ya gurudumu la jembe. Debe la tano lilikuwa na kuku ndani, amelalia mayai, hataki kutoka.

"Na huyu?" aliuliza Crispin.

"Ni wa enzi ileile," alisema Murray.

Kabati likaenda kwa Athol, likawekwa jikoni, likakusanya vikombe na sukari. Mtu yeyote akipita karibu nalo liliyumba, vikombe vikagongana. Mwezi wa kwanza Athol alikuwa hana raha. Vidole vyake vilijua kuufanya ule mguu mfupi uwe sawa kwa dakika kumi. Alikuwa akiinuka kwenye kiti, anakwenda hadi pale, anarudi. Gwenda alificha msumeno mdogo, akasema ameuazima kwa jirani.

Dulcie alikuja kila Alhamisi. Kabla ya kuvua kofia alilisukuma kabati kwa kidole, akasikiliza vikombe, akaketi akiwa ameridhika.

Majira ya baridi yalipofika, msumari mmoja wa mlango ulianguka. Athol aliuokota sakafuni. Ulikuwa umekula kutu na kupinda kidogo. Akatoka nao uani, akatafuta jiwe lililo bapa, akapiga magoti kwa shida, akaanza kuugonga.

"Athol, una ndoo nzima ya misumari mipya bandani," Gwenda alimwambia kutoka mlangoni.

"Ninayo."

Akagonga dole gumba. Akalitia mdomoni, akaendelea. Kisha akaingia ndani, akaupigilia msumari katika tundu lake la zamani, akalifunga kabati kwa goti.

Gwenda aliinama kuutazama. Ulikuwa bado umepinda.

"Si mbaya," alisema.